Mnaniuliza kwa nini kila video niko msituni

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sikuweka muziki mwanzoni, naongea huku natembea. Nimetoka kazini saa nane mchana, nina saa tatu kabla ya kurudi kwa zamu ya jioni, nikasema leo hili nilimalize.

Swali ni lile lile, tangu nifungue chaneli hii. "Dada, Ufaransa gani hiyo ya miti mitupu? Tuonyeshe Mnara wa Eiffel." Mwingine kaandika, "Huyu hajafika Paris, anatuzuga." Na juzi kuna kaka kaandika kwa herufi kubwa kwamba kama maisha yamenishinda nirudi nyumbani, nisiwafiche watu porini. Yote nimeyasoma. Nilinyamaza kwa sababu nikionyesha duka mnasema naringa, nikitaja bei mnasema nalialia. Sasa najibu, na anayetaka kuita majivuno aite, anayetaka kuita malalamiko naye aite.

Paris nimefika. Kutoka hapa Compiègne, mji ulio kaskazini mwa Paris, ni treni ya dakika arobaini na kitu, hamsini kama ni ile inayosimamasimama. Huo mnara mmeshauona kwenye kalenda tangu mko shule ya msingi, mimi sina cha kuongeza. Kinachonikera ni kudhani kwamba Ufaransa ni mnara, na aliye nje ya mnara yuko nje ya Ufaransa. Hapa ninapokanyaga, hapa kwenye majani yaliyooza, ndipo nilipoifahamu nchi hii. Na ndipo nilipowakuta watu wetu. Msinikatishe, nitafika huko.

Kwanza hela, maana najua ndiyo mnayoingojea. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Naingia kwa bibi huyu asubuhi namwogesha, namvisha, namtengenezea kahawa, natoka naenda kwa babu yule. Kati ya mzee mmoja na mwingine kuna saa ambazo hulipwi, na nyumbani kwangu ni mbali, kurudi hakuna maana. Ukikaa mgahawani lazima ununue kitu. Msitu haudai kitu. Mabasi ya mji huu nayo ni bure kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, tena tangu mwaka 1975, unapanda tu, hakuna konda anayekugongea sarafu. Kwa hiyo ndiyo, nilianza kuja msituni kwa sababu sikuwa na pa kukaa bila kulipa. Mnaweza kulisema hilo mnavyotaka, sioni aibu.

Halafu yakaja makaratasi.

Nimeishi hapa miaka tisa. Kila kibali cha ukaazi kinapoisha unaanza upya: picha, hati za mshahara, risiti ya pango, bili ya umeme, na mwisho stempu. Mara ya mwisho nililipa euro 225. Zipigeni kwa shilingi, ni zaidi ya laki sita, na hiyo ni ya kadi tu, haijalipa siku ya kazi uliyokosa. Nikachoka. Nikaamua niombe uraia. Najua na hili lina maneno yake, kuna watakaosema nimeitupa Tanzania, na sheria yetu kuhusu uraia pacha mnaijua, sitaifungua leo. Ni uamuzi wangu, kwa hali yangu, na watoto wangu. Simshauri mtu.

Kwenye kuomba ndipo nilipokwama. Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi "y" kwenye jina la ukoo, pasipoti ina "i". Herufi moja! Ofisi iliyopokea faili langu ikalirudisha. Nikaambiwa nilete hati ya kiapo kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja, itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa na mahakama, na kila ukurasa analipwa. Nikatuma hela nyumbani kwa ndugu yangu mmoja, simtaji, afuatilie kwa wakili. Miezi mitatu naambiwa wakili kasafiri. Wakili hakusafiri. Hela ililiwa. Nikatuma tena, safari hii kwa dada yangu, akatoka Songea kwa basi, akaipata hati kwa siku mbili. Dada, najua unaangalia, Mungu akulipe. Na wewe uliyekula ile ya kwanza pia najua unaangalia, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kubonyeza kila nikipandisha video.

Basi. Faili likapokelewa, nikaitwa kwenye usaili. Wakati wangu ulikuwa usaili wa ana kwa ana, ofisa anakuuliza historia, sheria, alama za Jamhuri. Kuanzia Januari 2026 wameongeza na mtihani wa kompyuta, maswali 40, lazima upate 32, na Kifaransa chako kiwe ngazi ya B2, yaani unakiongea na kukiandika vizuri. Wanaokuja nyuma yangu wana kazi kubwa zaidi, sitawadanganya. Mimi nilipewa kijitabu nisome. Wafalme, mapinduzi, jamhuri ya kwanza hadi ya tano. Nikasoma usiku, asubuhi yote yamekimbia. Sikuona kilichonihusu. Ni sawa na tulivyokariri mito ya Ulaya darasa la sita.

Sasa kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 93, kazaliwa hapa hapa. Akaniona na kijitabu, akaniambia, "Mwanangu, acha karatasi. Unapita msituni kila siku na hujui unapita wapi?"

Tazameni hapa. Nasogeza kamera. Hiki ni kibao cha njia panda, nguzo nyeupe, mishale ya mbao yenye majina ya njia. Kila njia panda ya msitu huu ina nguzo kama hii, na njia panda ni nyingi mno, maana msitu wenyewe ni hekta zaidi ya 14,000. Mnaiona hii alama nyekundu, ndogo, upande huu wa nguzo? Upande mwingine haipo. Alama nyekundu inaelekea kwenye kasri la mjini. Ukipotea, ifuate, utatokea kwenye kasri. Husimuliwa kwamba Napoleon wa Tatu ndiye aliyeamuru ziwekwe, baada ya mkewe, malkia Eugénie, kupotea humu. Mimi mwaka wa kwanza nilipotea mara mbili kwa sababu sikuijua, mara ya pili giza likaniingilia, nikalia. Hakuna mtu aliyeniambia. Ndiyo maana nikawarekodia ile video ya kwanza kabisa, mkacheka kwamba nafundisha watu kutembea.

Msitu huu zamani uliitwa Cuise. Wafalme wa Wafrank waliwinda humu kabla hapajakuwa na nchi inayoitwa Ufaransa. Mfalme Clotaire wa Kwanza alikuwa mawindoni humu mwaka 561, homa ikamkamata, akarudishwa Compiègne akafa. Jeanne d'Arc, yule binti aliyeongoza askari wa Ufaransa dhidi ya Waingereza, alikamatwa kwenye lango la mji huu, tarehe 23 Mei 1430. Marie-Antoinette, alipoletwa kutoka Austria kuolewa akiwa na miaka 14, mchumba wake na mfalme Louis wa 15 walitoka kumpokea humu humu, Mei 1770. Njia hizi zilizonyooka kama uzi walichonga wafalme wawinde vizuri. François wa Kwanza alianza na 8 zinazotoka kituo kimoja, waliofuata wakaongeza. Na ile barabara ya nyasi inayotoka kasrini kwenda vilima vya Beaux-Monts, zaidi ya kilomita nne za miti iliyokatwa, Napoleon wa Kwanza aliamuru ifunguliwe mwaka 1810 ili mkewe Marie-Louise aone mandhari kama ya kwao Vienna.

Haya niliyakariri, na kweli yalinisaidia. Lakini moyo wangu haukusimama hapo. Ulisimama kwenye uwazi mmoja kando ya reli, upande wa kijiji cha Rethondes, kama kilomita sita au saba kutoka mjini. Naenda kwa baiskeli. Huko ndiko ninakoelekea sasa.

Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia inaelekea mwisho, palikuwa na reli za pembeni tu, zimewekwa kwa ajili ya mizinga mikubwa inayobebwa na treni. Msitu umezunguka, hakuna anayeona. Marshal Foch, mkuu wa majeshi ya washirika, akaleta treni yake ikasimama reli moja, na Wajerumani wakaletwa kwa treni yao ikasimama reli ya pili. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba. Matthias Erzberger ndiye aliyeongoza ujumbe wa Ujerumani, raia, si mwanajeshi. Wakapewa masharti ya kusimamisha vita na saa 72 za kujibu. Saini zikawekwa tarehe 11 saa kumi na moja na dakika chache alfajiri, kwenye behewa namba 2419D, behewa la chakula lililogeuzwa ofisi. Mizinga ikanyamaza saa tano asubuhi. Na katika hizo saa karibu sita za katikati watu waliendelea kufa, hali saini imekwisha kukauka. Huyo Erzberger wenzake wa nyumbani walimwua mwaka 1921, kwa kusaini.

Siku ya kwanza kwenda pale nilikwenda kwa ajili ya usaili. Nikaona reli, nikaona sanamu ya Foch, nikaona jiwe kubwa katikati limelala chini, maandishi yake ni marefu kama kaburi la mtu mkubwa. Nawatafsiria: "Hapa, tarehe 11 Novemba 1918, kilianguka kiburi cha kihalifu cha himaya ya Ujerumani, kilichoshindwa na watu huru ambao ilidai kuwatia utumwani."

Watu huru. Nikasimama pale na koti langu la kazi. Mwaka ule ule wa 1918, Blaise Diagne, mbunge kutoka Senegal, alitumwa na Ufaransa kwenda Afrika Magharibi kuandikisha askari, akawapata zaidi ya elfu 60. Hao nao walikuwa miongoni mwa "watu huru"? Walikotoka walilazimishwa kazi, hawakupiga kura, isipokuwa wachache wa miji minne ya Senegal. Sisemi kwa chuki. Nasema kwa sababu nilisoma sentensi ile mara tatu nikitafuta pa kujiweka, sikupaona.

Usiku ule nikautafuta mkataba wenyewe kwenye simu, nikausoma wote. Una vifungu 34. Kuondoka Ubelgiji, kurudisha majimbo ya Alsace na Lorraine, mizinga elfu tano, vichwa vya treni elfu tano, mabehewa laki moja na nusu. Unasoma kama orodha ya mahari. Nikafika kifungu cha 17.

Ndugu zangu, kifungu cha 17 kinahusu Afrika Mashariki. Kwamba majeshi yote ya Ujerumani yanayopigana Afrika Mashariki yaondoke, kwa muda utakaopangwa na washirika. Nikainuka kitandani. Nikasoma tena. Humu msituni, kwenye behewa la chakula, alfajiri ya Novemba na ukungu wake, sisi tulikuwa mezani. Hatukuitwa, hatukutajwa kwa majina, lakini nchi yetu ilikuwa kwenye karatasi, mstari mmoja.

Sasa wale wa Songea, Tunduru, Masasi, Lindi, mnaelewa kwa nini nimeinuka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia, akichambua mboga, kwamba baba yake mdogo alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, kabla yeye bibi hajazaliwa. Walikuja kijijini wakachukua chakula ghalani, wakachukua na vijana. Alifungwa kamba na wenzake wakaondoka wakielekea Ruvuma. Hakurudi. Watoto tulisikiliza kama tunavyosikiliza habari za sungura na fisi. Mimi nilidhani ni hadithi.

Si hadithi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917, akakimbizana na Waingereza na Wareno karibu mwaka mzima, akarudi tena kwetu mwishoni mwa Septemba 1918, akapitia upande wa Songea, akaingia Zambia ya leo. Tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya saini za msituni, jeshi lake liko Kasama, bado linasonga mbele, habari haijamfikia. Hebu fikirieni mpagazi. Ulaya watu wanacheza barabarani, kengele zinalia, na yeye ana sanduku la risasi kichwani, anapanda kilima, kwa ajili ya vita ambayo imekwisha. Walisalimu amri Abercorn, leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi waliobaki kama elfu moja na mia tano.

Na kwa upande wa Waingereza, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, homa, njaa. Kariakoo mnayonunulia vitenge imepewa jina na hicho kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps. Nairobi nao wana yao, Kariokor. Tunalitaja jina hilo kila siku kwenye daladala.

Mnanielewa sasa nikisema nawakuta watu wetu humu?

Na kutoka behewa lile mambo yalikwenda Versailles, kwenye mkataba wa amani wa mwaka 1919, huko Ujerumani ikanyang'anywa makoloni, Tanganyika ikakabidhiwa Mwingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji. Ndiyo maana mimi nilijifunza Kiingereza shuleni na si Kijerumani. Ndiyo maana nilipofika hapa nilianza Kifaransa kutoka sifuri nikiwa mtu mzima, na jirani yangu Mrundi alishuka uwanja wa ndege anakiongea. Sisemi Mbelgiji alikuwa bora. Nasema tu kwamba kila ninapojaza fomu na kamusi pembeni, nakumbuka behewa.

Ngoja nipumzike kidogo hapa. Huu mti ni mwaloni. Sio mkubwa sana, ila shikeni ganda lake, yaani, lioneni, lina mifereji ambayo kidole changu kinazama hadi kwenye kucha. Kule Beaux-Monts ipo yenye karne kadhaa. Na mingi inaumwa. Kuna mdudu anaitwa hanneton, kiwavi wake anaishi ardhini miaka anakula mizizi, na miche michanga inakufa kabla haijashika. Kisha ukame wa majira ya joto. Mkiona sehemu iliyofyekwa kwenye video zangu msiandike "Wafaransa nao wanakata misitu ovyo." Pengine wanatoa miti iliyokufa kwa kiu. Mimi si mtaalamu, naona ninachoona. Hii miti mfalme aliilinda kwa ajili ya mawindo, na mwaka 1669 waziri wa Louis wa 14, Colbert, akaiwekea sheria kali kwa ajili ya mbao za merikebu. Mapinduzi yakaichukua toka kwa mfalme, leo ni mali ya taifa, na mimi mwenye kadi ya muda naingia bila kuulizwa. Hilo silichukulii kawaida. Kuna milango mingi nimeulizwa.

Turudi. Yule bibi wa miaka 93. Mwaka 1940 alikuwa mtoto. Hitler alikuja hapa tarehe 21 Juni, kwa makusudi, akaamuru behewa lile lile litolewe kwenye jengo lake la makumbusho, liwekwe pale pale liliposimama 1918, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekaa Foch. Kesho yake, tarehe 22, Jenerali Huntziger akaisainia Ufaransa iliyoshindwa mkataba wa kusimamisha vita, Keitel akaisainia Ujerumani. Kisha Hitler akaamuru kila kitu kivunjwe. Jiwe likang'olewa likapelekwa Berlin, behewa nalo likapelekwa, reli zikang'olewa. Sanamu ya Foch peke yake waliiacha, isimame inatazama uwanja mtupu.

Bibi anasema baba yake alimpeleka baada ya ukombozi, mwaka 1944, akiwa na miaka 12. Alitegemea kuona kitu. Akaona magugu yamemfika kiunoni, na mtu wa jiwe katikati, peke yake. Alimwuliza baba yake, "Huyu anamlinda nani?" Baba hakujibu. Alinisimulia hivyo nikiwa namfunga vifungo vya sweta, mikono yake inatetemeka, nikafunga kifungo kimoja mara mbili.

Behewa halikurudi, liliteketezwa Ujerumani mwaka 1945. Lililopo leo ni ndugu yake, namba 2439D, wa mfululizo ule ule, liliwekwa mwaka 1950. Jiwe lilirudi vipande vipande likaungwa. Ukiinama unaona mishono. Macron na Merkel walikuja kukaa ndani ya hilo behewa tarehe 10 Novemba 2018, upande kwa upande.

Kuna Royallieu pia, ukingoni mwa mji, kambi ambamo Wajerumani walifungia watu kabla ya kuwapeleka kwenye makambi ya mateso na ya mauaji. Zaidi ya watu 45,000 walipita pale. Nilienda mara moja. Siwezi kuirekodi, msiniombe.

Kwenye usaili wangu ofisa aliniuliza tarehe 11 Novemba ni nini. Nikajibu. Akauliza mahali gani pa historia napajua. Nikasema naishi Compiègne, nikamweleza behewa, jiwe, 1940. Nikaona anataka kupita swali linalofuata, nikamwomba dakika moja. Nikamwambia kifungu cha 17. Nikamwambia baba mdogo wa bibi yangu. Sauti ilinikatika kidogo, sikuwa nimepanga. Ofisa akanyamaza, akasema, "Hilo sikulijua," akaandika kitu kwenye karatasi. Sijui aliandika nini. Mwezi wa kumi na tano sasa nangoja majibu. Kila asubuhi nafungua ukurasa wa ombi langu, maneno ni yale yale, "linashughulikiwa". Nililipa stempu ya euro 55 nikadhani ndiyo mwisho, nikiongeza mfasiri, hati ya kiapo mara mbili, na siku za kazi, imefika karibu mshahara wa mwezi.

Mtaniuliza kwenye maoni, "Dada na mimi niombe?" Sijui. Kwa kweli sijui. Kuna mwenzangu alijibiwa kwa miezi minane, kuna mwingine alikataliwa kwa sababu ya kodi ya mwaka mmoja aliochelewa. Mimi nimesema yangu. Hali yako ya kazi, ndoa, watoto, mahali unapoishi, ni yako. Usije ukasema fulani alisema. Kitu kimoja tu nakwambia ambacho hakina gharama: kabla hujatoka nyumbani, weka cheti na pasipoti mezani, soma herufi moja moja.

Nasikia tarumbeta. Mnasikia? Hao ni wawindaji wa farasi na mbwa, bado wanawinda kulungu humu kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Machi, kama wakati wa wafalme. Wengine wa mji hawawapendi kabisa, wanaandamana. Mimi ninachojua ni kwamba wakipita sitembei njia ndogo, nabaki njia kubwa na koti la njano. Mara ya kwanza mbwa wote wale walinipita miguuni nikaganda kama nguzo. Mwanamke mmoja juu ya farasi akaniuliza, "Umepotea?" Hakuniuliza kwa ubaya labda. Lakini miaka tisa nimekuwa nikiulizwa hivyo, dukani, hospitali, ofisini, umepotea? Sikupotea. Najua alama nyekundu iko upande gani wa nguzo.

Sasa ombi langu, halafu naondoka, maana saa zinakimbia. Pale kwenye uwazi majina yapo. Foch yupo, Jenerali Weygand aliyekaa naye behewani yupo, Admirali Wemyss wa Uingereza yupo, vitabuni na ukutani. Baba mdogo wa bibi yangu hayupo popote. Na nimempigia mama, nimempigia mjomba Songea, nikauliza, jina lake lilikuwa nani? Hawajui. Bibi alimwita "baba mdogo" tu, maana ndivyo mtoto anavyomwita, na sisi hatukuwahi kuuliza. Bibi kafa mwaka 2011. Aliondoka nalo.

Kwa hiyo wewe unayetaka nikuonyeshe mnara, nenda kwanza kwa babu yako au bibi yako leo, hasa kama kwenu ni kusini, au Mbeya, au Kigoma, au kule Mbala. Muulize, nani kwenu alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani? Muulize jina. Jina la kuzaliwa. Liandike kwenye maoni hapo chini na mahali alikotoka. Nitakuja hapa tarehe 11 Novemba, watakapokuwa wanainua bendera zao na kusoma hotuba. Wakiondoka watu, nitasimama kando ya jiwe niyasome yote, moja moja, kwa sauti. Sihitaji kibali kwa hilo, nimeshauliza.

Haya, tumefika. Nageuza kamera. Ile miti miwili ukipita katikati yake, ndipo reli inapoanzia. Subirini nifute kioo, kina ukungu.